Akidi, hoja na kura: ngao ya mwanachama mkutanoni

MKUTANO mkuu wa chama cha kuweka na kukopa umefunguliwa saa nne asubuhi, ukumbi ukiwa umejaa. Ifikapo saa kumi, baada ya chakula na nauli kugawiwa, wamebaki watu wachache karibu na meza kuu. Hapo ndipo katibu anaposoma kipengele cha mwisho cha ajenda, yaani mengineyo, na ndani yake linachomoza suala la kuuza kiwanja cha chama. Wanasema ndiyo, makofi yanapigwa.

Je, uamuzi huo ni halali?

Jibu linaanzia katika katiba ya chama, au masharti yake kama ni chama cha ushirika. Humo ndimo inamotajwa akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaotakiwa kuwapo ili maamuzi yawe na nguvu. Wengi hudhani akidi ikishatimia wakati wa kufungua, basi yamekwisha. Sivyo. Inatakiwa iwepo pia wakati wa kupiga kura, na mwanachama yeyote ana haki ya kusimama kuhusu utaratibu na kuomba watu wahesabiwe. Wasipotosha, kinachobaki ni kuwatafuta waliotoka, kupumzika au kuahirisha.

Kanuni hizi zilikusanywa vizuri na Henry Martyn Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani. Mwaka 1863 aliombwa kuongoza mkutano wa kanisa mjini New Bedford, Massachusetts, bila kujua mkutano unaendeshwaje, na mambo yakamwendea vibaya. Aibu ile ilimfanya asome taratibu za mabunge, na mwaka 1876 akachapisha kitabu cha kanuni za mikutano. Toleo la 12 lilitoka mwaka 2020, na vyama vingi vya Marekani bado vinakitumia.

Mizani anayoiweka Robert ni ya kuvutia. Kura za walio wengi zinatosha kuamua hoja ya kawaida, lakini kunyamazisha mjadala kunahitaji theluthi mbili, kwa kuwa hapo wachache wananyang'anywa haki ya kusema. Hakuna anayezungumza mara ya pili kabla ya wale ambao hawajazungumza kupewa nafasi. Na mwenyekiti wa mkutano mkubwa hachangii hoja. Akitaka kuchangia, ampishe mwingine kitini. (Tungeona wenyeviti wangapi wakihama viti vyao!)

Kwa yule anayeshtukizwa na suala la kiwanja, silaha iliyo rahisi ni kutoa hoja kwamba jambo hilo lisogezwe hadi mkutano ujao, likiwa limeandikwa katika ajenda na bei ikiwa imetajwa. Akipata wa kumuunga mkono, mwenyekiti analazimika kuihoji. Kama mkutano ni maalumu, haoni haja hata ya hoja hiyo: mkutano wa namna hiyo hauamui jambo ambalo halikutajwa katika taarifa ya kuuitisha.

Katika ushirika, mwenye hisa nyingi hana sauti kubwa zaidi. Mwanachama mmoja, kura moja, msingi uliopata umaarufu kupitia duka la wanaushirika wa Rochdale, Uingereza, lililofunguliwa mwaka 1844.

Kumbukumbu za mkutano nazo zisomwe kwa makini kabla ya kuthibitishwa. Kosa lililomo husahihishwa hapo, na aliyekuwapo ukumbini ndiye anayelijua.