Chokaa ya Wazo na Pumzi za Wanaanga

Anayetaka kuelewa jinsi wanaanga wanavyokaa miezi sita ndani ya chombo kilichofungwa bila kuzimia kwa pumzi zao wenyewe, aanzie Wazo Hill, Kinondoni. Katika tanuri la kiwanda cha saruji, jiwe la chokaa likifika nyuzijoto 900 hivi hutoa hewa ukaa iliyofungwa ndani yake. Mafundi wa zamani wa pwani waliufahamu upande wa pili: chokaa ikishazimwa kwa maji na kupigwa ukutani, huivuta hewa hiyo tena polepole na kurudi kuwa jiwe.

Angani hutumika ndugu yake chokaa, hidroksidi ya lithiamu, kwa sababu ni nyepesi. Mwanaanga John Glenn alipopita juu ya Unguja tarehe 20 Februari 1962, akizungumza na kituo cha Wamarekani kilichokuwa kisiwani, mkebe wa dawa hiyo ndio uliokuwa ukisafisha hewa yake. Safari ilikwisha kabla ya kutimiza saa tano, mkebe ulitosha.

Safari ndefu ina hesabu nyingine. Mtu mmoja hutoa takriban kilo moja ya hewa ukaa kwa siku, nayo humaliza zaidi ya kilo moja ya dawa isiyotumika tena. Watu wanne wakienda Mirihi na kurudi kwa siku 1,000, watahitaji zaidi ya tani nne! Kuinasa hewa ukaa si kazi. Kazi ni kuiachisha kwa nguvu kidogo, ili kinasio kitumike upya.

Kituo cha Kimataifa cha Anga kinatumia zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno vinavyoishika hewa ukaa bila kuungana nayo. Ikishiba, hupashwa moto nyuzijoto 200 hivi na kufunguliwa kuelekea ombwe la nje. Hewa ukaa hutoka, kazi inaanza tena. Kero yake ni kwamba hupenda maji kuliko hewa ukaa, hivyo hewa lazima ikaushwe kwanza. (Mashine hiyo ikiletwa Temeke mwezi wa Aprili, kikaushio kitakiona cha moto.)

Mwaka 2010 kituoni kilifungwa kifaa cha kuchanganya hewa ukaa na haidrojeni ili kupata maji. Methani iliyopatikana humo ilitupwa nje, ikaondoka na haidrojeni, na iliyobaki haikutosha kuhudumia hewa ukaa yote. Kwa maoni yangu, mpaka haidrojeni hiyo irudishwe kazini, chombo cha Mirihi bado hakijawa tayari.