Faini, Kifungo na Thamani ya Siku

Katika mahakama za Kenya hakuna maneno yaliyozoeleka masikioni kama haya: faini ya shilingi kadha wa kadha, na ukishindwa kulipa, kifungo cha miezi kadha wa kadha. Mwenye mali huisikia nusu ya kwanza ya hukumu hiyo akatia mkono mfukoni; fukara huisikia nusu ya pili tu. Lakini walio wengi hawana habari kwamba hakimu hakuachiwa kuitaja miezi hiyo kama apendavyo.

Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu, pale ambapo sheria nyingine haikutamka vinginevyo, kimepanga madaraja matano ambayo hakimu, hata awe ameghadhibishwa na kosa kwa kiasi gani, hana ruhusa ya kuyapita. Faini isiyozidi shilingi 500 haimfungi mtu zaidi ya siku 14. Ikizidi hapo mpaka 2,500, mwezi mmoja. Mpaka 15,000, miezi mitatu. Mpaka 50,000, miezi sita. Na iliyozidi 50,000, hata ikiwa milioni, miezi 12. Basi anayeamuru faini ya shilingi 20,000 au mwaka mmoja gerezani ameongeza nusu mwaka asioruhusiwa, na mfungwa ana haki ya kukata rufani.

Madaraja hayo yametungwa kwa insafu, wala siyadharau. Ila mtu akichukua kalamu akagawanya, atastaajabu. Mwenye faini ya shilingi 500 akikaa siku zote 14, kila siku ya uhuru wake imethaminiwa kwa shilingi zisizotimia 36. Mwenye faini ya milioni akikaa miezi yote 12, siku yake imepata shilingi 2,700 na ushei. Gereza ni moja na uji wa asubuhi ni mmoja, lakini siku ya huyu ina bei zaidi ya mara sabini ya siku ya yule.

Kifungo hiki, tofauti na vingine, hukoma saa faini ilipwapo. Na jamaa wakileta sehemu yake, siku hupunguzwa kwa kadiri ya fedha iliyoletwa.

Hata hivyo mipaka hiyo hupima kima cha faini, haipimi uwezo wa mtu. Huko Marekani, mwaka 1983, Mahakama ya Juu iliamua shauri la Bearden na jimbo la Georgia: mtu aliyetozwa faini ya dola 500 na fidia ya dola 250, akakopa dola 200 kwa wazazi wake akazilipa, kisha akaachishwa kazi na, kwa kuwa hakujua kusoma, akatafuta nyingine asipate, hata akatiwa gerezani. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyeandika uamuzi, alisema kwamba sharti mahakama iulize kwanza sababu ya kutolipa: aliyekataa kwa makusudi na afungwe, lakini aliyejitahidi akashindwa atafutiwe adhabu nyingine, na gereza liwe la mwisho.

Hakimu wa Kenya naye hakosi njia. Sheria ya 1998 ya huduma kwa jamii yamruhusu, kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, kumpa mkosaji kazi ya umma isiyo na ujira. Mshtakiwa asiye na kitu na aseme hivyo mapema, wakati anapoulizwa kama ana neno la kujitetea kabla ya kuhukumiwa, ambapo wengi, kwa haya au hofu, huomba msamaha tu wakanyamaza.