Kipokezi Kama Kiongozi: Safari ya Nyuroni katika Ubongo wa Kijusi

Aghalabu tufunzwapo kuhusu ubongo, huelezwa kwamba nyuroni moja hutoa kemikali, nyingine huipokea kwa vipokezi vyake, na ujumbe ukapita. Maelezo haya yanausadifu ubongo uliokomaa. Katika kijusi, vipokezi vivyo hivyo huwa na kazi ya awali, kabla nyuroni hazijaunganika: kuiarifu nyuroni lini iende na lini isimame.

Nyuroni haizaliwi mahali itakapofanyia kazi. Nyingi za gamba la ubongo huzaliwa ndani kabisa, kandokando ya matundu yenye majimaji, kisha hupanda zikiambaa na nyuzi za seli za glia, mithili ya mkwezi na mnazi. Mnamo 1993, Komuro na Rakic wa Chuo Kikuu cha Yale walichunguza vipande vya ubongo mdogo, ule wa kisogoni, wa panya. Walibaini kuwa kipokezi cha glutamati kiitwacho NMDA kikizibwa, nyuroni hupunguza mwendo, kikichochewa, huharakisha. Kipokezi hicho hupitisha kalisi, na kalisi ndiyo husukuma kiunzi cha seli.

Kisa cha GABA kinastaajabisha zaidi, hasa kwetu tuliosoma semantiki. Katika ubongo wa mtu mzima GABA hutuliza. Nyuroni changa, hata hivyo, imejaa kloridi. Kipokezi cha GABA kifungukapo, kloridi hutoka badala ya kuingia, na seli ikaamka. Baadaye pampu iitwayo KCC2 huondoa kloridi hiyo, na GABA ile ile ikawa ya kutuliza, kama neno libebavyo maana mpya katika muktadha mpya. Mwaka 2009, Bortone na Polleux walionyesha kwamba badiliko hili huchangia kuzisimamisha baadhi ya nyuroni za panya.

Hapo ndipo pombe inapoingia. Huvuka kondo ikamfikia mtoto, huzuia NMDA na kuipa GABA nguvu. Katika wanyama wa maabara, uhamaji wa nyuroni huvurugika. Kwa binadamu, uhamaji kuelekea gamba la ubongo hushamiri kati ya mwezi wa 3 na wa 5 wa mimba. Nadhani onyo la kliniki lingesikizwa zaidi lau lingeandamana na sababu hii, kwa Kiswahili. Istilahi tunazo: kijusi, kondo, kipokezi.