Kazi isiyo na mzani

Baba hakuwahi kumwachia wakala pamba yake bila stakabadhi. Kila msimu, kijijini kwetu nje ya mji wa Bariadi, aligomba mbele ya mzani: kilo zimepunjwa, jiwe limechezewa. Nilimwonea aibu. Sikujua kwamba kuna kazi ambayo hata mzani wa kugombania haina.

Januari 2014, nikiwa na miaka 15, nilipanda basi la Mwanza na mfuko wa michembe mapajani. Lamadi ndipo nilipoliona ziwa kwa mara ya kwanza. Mama aliyenichukua aliahidi Sh25,000 kwa mwezi, nasi nyumbani tukashukuru. Kumbe tangu Julai 2013 amri ya mishahara ilishaweka Sh40,000 kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri.

Saa 11 alfajiri niko jikoni; saa 5 usiku namsubiri baba mwenye nyumba ale, nioshe vyombo. Katikati kuna watoto watatu, mmoja wa kubeba mgongoni huku nafua. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inataja saa 45 kwa wiki. Mimi Jumatano mchana nilikuwa nimeshazimaliza.

Mwisho wa mwezi niliambiwa, “Nakutunzia, mwanangu.” Umwanangu wenyewe ulikuja siku hiyo tu. Wageni wakifika nilikuwa beki tatu, na sahani yangu ilibaki jikoni.

Miaka hiyohiyo, jijini humohumo, Angel Benedicto, naye aliyewahi kufanya kazi za ndani, alianzisha shirika la WoteSawa kutetea wenzake. Habari hizo zingenifikiaje? Geti nililivuka kwenda dukani na kurudi.

Nilipoaga, Machi 2015, nilikuwa nadai Sh350,000 za miezi 14. Mama akahesabu kwa vidole: sahani zilizovunjika, dawa za malaria, gauni la mtumba, nauli ya kunileta. Nikapewa Sh70,000. Ndani ya basi nilimkumbuka baba na vile vikaratasi vyake, alivyovifunga kwa uzi na kuvichomeka darini.

Leo nashona nguo Bariadi mjini, na nina dada wa kazi kutoka Meatu, mtu mzima wa miaka 22. Tuna daftari, kila mwezi tunatia saini wote wawili. Mshahara wa kwanza aliupokea kwa mikono miwili, akapiga goti, akataka kuuficha kwenye khanga bila kuuangalia.

Nikamshika mkono. “Hesabu,” nikamwambia. “Hesabu nikiona.”