Prosciutto ya Parma: Bili Kubwa ya Mazingira Iko Bandani

Katika vilima vya Langhirano, kusini mwa mji wa Parma nchini Italia, maghala ya kukaushia mapaja ya nguruwe yawe prosciutto yana madirisha marefu yanayotazamana. Upepo ukiwa mkavu, fundi huyafungua. Unyevu ukizidi, huyafunga. Malighafi ni mbili tu: paja na chumvi.

Hata hivyo, kabla ya kuonja upepo huo, paja hukaa kwenye vyumba vya baridi kwa miezi kadhaa. Kanuni zilizorekebishwa mwaka 2023 zinataka ukaushaji wote uchukue angalau miezi 14 ndipo liuzwe. Umeme ni gharama kubwa, na maji ya kuoshea chumvi yanahitaji kusafishwa. Dawa ya hapo inajulikana: paneli za sola, na kutumia joto linalotoka kwenye mitambo ya ubaridi kupashia maji na vyumba vya kukaushia. Hatua hizo mwenye ghala anazielewa haraka, maana zinashusha bili yake mwenyewe.

Lakini sehemu kubwa ya uchafuzi hutokea kabla paja halijafika ghalani. Nguruwe wa prosciutto ya Parma lazima afikishe miezi tisa, akiwa na kilo 160 hivi, ilhali wa kawaida Ulaya huchinjwa akiwa na takriban miezi sita. Kadiri anavyokua, kila kilo anayoongeza huhitaji chakula kingi zaidi, ikiwemo soya ya Amerika Kusini. Samadi yake hutoa amonia katika bonde la mto Po, ambalo hewa yake ni miongoni mwa chafu zaidi Ulaya. Tangu 1991, Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kilo 170 za nitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka kwenye maeneo ambayo maji yake yako hatarini kuchafuliwa.

Mfugaji anaweza kupunguza protini kwenye chakula, kufunika mabwawa ya samadi au kuitumia samadi hiyo kuzalisha gesi. Mila nayo inasaidia: maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini ya Parmigiano Reggiano hulishwa nguruwe hao badala ya kumwagwa.

Kinachokwamisha ni mgawanyo wa fedha. Anayefunika bwawa ni mfugaji. Anayeuza kwa bei ya jina la Parma ni mwingine. Mikataba ya kununua mapaja isipomlipa mfugaji kwa kazi hiyo, sola za ghalani zitapunguza sehemu ndogo tu ya tatizo.