Je, Wajua? Pikipiki Nayo Ina Pasipoti

Mwendesha pikipiki anayetoka Cairo kwenda Cape Town hubeba hati mbili za kusafiria: moja yake, nyingine ya chombo. Hiyo ya pili huitwa carnet de passages, kijitabu chenye kurasa 5, 10 au 25, kinachotolewa na vyama vya magari. Ndani yake kuna namba ya injini na ya chasisi. Kila ukurasa una vipande vitatu: forodha hukata kimoja wakati wa kuingia, kingine wakati wa kutoka, na kishina chenye mihuri yote miwili hubaki kwa msafiri.

Kwa nini usumbufu wote huo? Serikali huogopa pikipiki iingie kama mgeni kisha iuzwe kimyakimya bila ushuru. Kwa hiyo msafiri huweka dhamana ya fedha kwanza, na kwa Misri dhamana hiyo huwa kubwa kupita thamani ya pikipiki yenyewe!

Bima ni habari nyingine. Kadi ya Njano, bima ya kuvuka mipaka ya COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika), hutambuliwa hata Tanzania, ambayo si mwanachama wa COMESA.

Tukirudi kwenye carnet, hudumu mwaka mmoja. Usiondoke mpakani bila muhuri wa kutoka. Ukiukosa, utadaiwa ushuru wa pikipiki ambayo umekwisha kuirudisha nyumbani.