Pafu jipya na kikohozi kilichopotea

Mtu aliyepandikizwa mapafu hulazimika kujifunza upya jambo ambalo wengine hulifanya bila kufundishwa: kukohoa.

Katika hospitali ya Harefield, magharibi mwa London, daktari Magdi Yacoub, mzaliwa wa Misri, aliongoza mwaka 1983 upandikizaji wa kwanza wa moyo na mapafu kwa pamoja nchini Uingereza. Upasuaji huo umewarudishia pumzi watu wengi tangu wakati huo, lakini pafu la kupandikizwa lina udhaifu mmoja usioonekana kwa macho.

Ufagio wa mwili

Njia za hewa zimetandazwa ute unaonasa vumbi na vijidudu. Chini ya ute huo kuna vinyweleo vidogo mno vinavyousukuma kuelekea kooni, ambako humezwa au hutemwa. Ute ukizidi, neva hupeleka habari kwenye ubongo, na mtu hukohoa.

Daktari anapopandikiza pafu huunganisha njia ya hewa na mishipa mikubwa ya damu. Neva zilizokatwa haziunganishwi. Aidha, vinyweleo vya pafu hilo husukuma ute polepole kuliko kawaida.

Mwaka 1989, watafiti wa hospitali ya Papworth, karibu na Cambridge, walichapisha matokeo ya jaribio walilofanyia wagonjwa waliopandikizwa moyo na mapafu. Walipovuta ukungu wa maji ambao humkohoza mtu mwenye afya, wagonjwa hao walikohoa kidogo sana.

Hatari ya ukimya

Figo la kupandikizwa hufanya kazi likiwa limefichika ndani ya mwili. Pafu hukutana na hewa ya nje kwa kila pumzi. Na kwa kuwa mgonjwa hutumia maisha yake yote dawa za kupunguza kinga ili mwili usilikatae pafu hilo, makohozi yaliyotuama huweza kuwa mazalio ya maambukizi, naye asihisi lolote.

Ndiyo maana wataalamu humfundisha kukohoa kwa makusudi. Huvuta pumzi ndefu taratibu, kisha huitoa kwa nguvu, koo likiwa wazi, kama mtu anayetia ukungu kwenye kioo apate kukifuta. Manufaa ya mbinu hiyo kwa wagonjwa wenye makohozi mazito yalielezwa na watafiti wa hospitali ya Brompton, London, mwaka 1979. Kutembea mapema baada ya upasuaji nako husaidia kulegeza makohozi. Yakishindikana kutoka, daktari huweza kuyafyonza kwa mrija wenye kamera.

Nyumbani, mgonjwa hupima nguvu ya pumzi yake kwa kifaa kidogo na kuandika matokeo. Kipimo kikishuka, huwasiliana na hospitali hata kama hakohoi wala haumwi.

Kwetu sisi wengine, kikohozi ndicho hutupeleka kwa daktari. Kwake yeye, kutokohoa si dalili ya usalama.